Kipimo Si Kifaa: Hoja Dhidi ya Imani ya Kuruka Maabara kwa Nanoteknolojia ya DNA

Miongoni mwa wafadhili wa afya, watafiti wa vyuo vikuu na waandishi wa habari za sayansi imeenea rai ambayo siku hizi hukubaliwa karibu bila kuulizwa, nayo ni kwamba nanoteknolojia ya DNA, yaani ufundi wa kuunda vifaa vidogo mno kwa kutumia nyuzi za vinasaba kama malighafi, itaziwezesha sehemu zisizo na maabara kuufikia uchunguzi wa kisasa wa magonjwa bila kupitia hatua ya kujenga maabara hizo. Rai hii inastahili kupimwa mahali pale pale inapodai kuwa na manufaa makubwa kuliko kwingine. Mocímboa da Praia, mji wa bandari ulioko kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako Wamwani, Wamakonde na Wamakua wanaishi pamoja na biashara ya kwenda Mtwara ni ya tangu zamani, ni mahali pa namna hiyo. Mji huo ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, siku ambayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa vita vya Cabo Delgado. Bandari yake ilitekwa na waasi Agosti 2020. Na ulikombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji Agosti 2021, baada ya wakazi wake karibu wote kukimbia na majengo ya umma, hospitali ikiwamo, kuharibiwa.

Makala haya yanaipinga rai hiyo kwa hoja moja yenye sura kadhaa. Kipimo cha ugonjwa ni mlolongo wa kazi unaoanzia kwenye kidole cha mgonjwa na kuishia kwenye tiba, na kifaa ni sehemu ndogo tu ya mlolongo huo. Nanoteknolojia ya DNA, kwa namna inavyotangazwa, haifuti kazi hizo. Huzihamisha kutoka mahali zinapoonekana na kulipiwa hadi mahali zisipoonekana, na hapo humwangukia mhudumu na mgonjwa wasio na uwezo wa kuzibeba.

Rai yenyewe

Wanaoishikilia rai hii si wajinga wala matapeli, na haki inadai hoja zao zielezwe kwa nguvu zake zote. Msingi wake ni tabia ya DNA ambayo kila mwanafunzi wa biolojia anaifahamu: herufi nne za kikemia zilizomo kwenye nyuzi zake hushikana kwa jozi maalumu, A na T, C na G, kwa hiyo anayepanga herufi hizo anaweza kutabiri uzi upi utashikana na upi, na utakunjika wapi. Mwaka 1982 mwanasayansi Nadrian Seeman alipendekeza kwamba tabia hiyo itumike kujenga maumbo, na mwaka 2006 mtafiti Paul Rothemund akaonesha namna ya kuchukua uzi mmoja mrefu wa kirusi, wenye herufi zaidi ya 7,000, na kuukunja kwa msaada wa nyuzi fupi zaidi ya 200 mpaka upate umbo analolitaka mbunifu, lenye upana wa takriban nanomita 100, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ufundi huo huitwa origami ya DNA. Tangu mwaka 1990 ilikuwa imeshajulikana pia namna ya kuchagua nyuzi fupi za vinasaba, ziitwazo aptama, ambazo hujikunja na kung'ang'ania molekuli moja maalumu, kazi ambayo mwilini hufanywa na kingamwili.

Mambo hayo yakiunganishwa, hupatikana kitambuzi: umbo la DNA linalokaa limefungwa hadi molekuli inayotafutwa inapolishika, kisha linafunguka na kutoa mwanga, rangi au mkondo wa umeme. Malaria nayo imefikiriwa. Mwaka 2012 watafiti wa Aarhus nchini Denmark walieleza njia ya kugundua kimeng'enya cha vimelea vya malaria kwa kutumia duara za DNA zinazonakiliwa mara nyingi, na mwaka 2016 watafiti wengine walionesha kwamba aptama inayoshika protini ya vimelea hivyo hubaki na uwezo wake hata ikiwa imepachikwa kwenye origami. Kutokana na kazi za namna hii wenye rai husema mambo matano: kwamba kitambuzi cha DNA kinaona hata molekuli chache sana, kwamba malighafi yake ni ya bei nafuu, kwamba kikikaushwa kwenye karatasi hakihitaji jokofu wala umeme, kwamba kinaweza kupangwa upya haraka ugonjwa unapobadilika, na kwamba, kama simu ya mkononi ilivyoziruka nyaya za simu za mezani, kitaiwezesha Afrika kuiruka maabara. Kila moja ya hoja hizo ina chembe ya ukweli, na kila moja, ikifuatwa hadi mwisho wake, inawarudia wenyewe.

1. Kinachokosekana kimeshavumbuliwa

Rai ya kuruka maabara inaanza kwa kudhani kwamba watu hawapimwi kwa sababu kifaa kinachofaa bado hakijapatikana. Takwimu zinasema vingine. Mwaka 2021 Tume ya Lancet ya Uchunguzi wa Magonjwa ilikadiria kwamba asilimia 47 ya watu duniani hawana fursa ya kupata vipimo au wanayo kwa kiasi kidogo sana, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini ni asilimia 19 tu ya watu wanaopata vipimo rahisi kabisa katika ngazi ya huduma za msingi, ukiondoa vile vya VVU na malaria. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu mwaka 2018, vipimo 58 kati ya 113 vilivyotajwa vilikuwa vya kutambua hali za kawaida za kila siku.

Kupima wingi wa damu ya mjamzito, sukari ya mgonjwa anayekonda, au protini katika mkojo wa mama anayevimba miguu ni mambo ambayo sayansi iliyamaliza zamani, yanafanyika kwa dakika chache, na hayadai herufi hata moja ya DNA. Ikiwa vipimo hivyo havimfikii mama wa Mocímboa da Praia, sababu yake haiwezi kuwa uchache wa uvumbuzi, na kifaa kipya kitakachopita njia ile ile iliyovishinda vile vya zamani hakina sababu ya kufika salama kuliko vile. Anayeahidi kuliziba pengo hili kwa uvumbuzi mwingine anapaswa kwanza kueleza kwa nini uvumbuzi uliotangulia haukuliziba.

2. Myeyuko safi na damu ya mtu

Unyeti, yaani uwezo wa kipimo kugundua kiasi kidogo sana cha kitu, ndiyo sifa inayotajwa kwanza kila kitambuzi cha DNA kinapotangazwa, na mara nyingi hupimwa katika myeyuko safi uliotengenezwa kwa makusudi hayo. Nyuzi za DNA zina chaji hasi zinazosukumana, kwa hiyo origami huundwa katika myeyuko wenye magnesiamu nyingi ya kuzituliza, kwa kawaida takriban milimoli 12 katika lita moja, ilhali damu ya binadamu ina takriban milimoli moja tu. Zaidi ya hapo, damu imejaa vimeng'enya viitwavyo nyukliasi, ambavyo kazi yake ni kukatakata vinasaba vinavyoelea ovyo, na kwa nyukliasi umbo lililosanifiwa kwa ustadi halina tofauti na takataka nyingine ya DNA.

Watafiti wanalijua tatizo hili na wamelitafutia dawa: wapo wanaolivika umbo hilo koti la kemikali, wapo wanaoziunganisha nyuzi zake kwa mwanga wa urujuanimno ili zisiachane, na wapo wanaoisafisha sampuli kabla ya kuipima. Lakini kila dawa ni hatua ya ziada, na hatua ya ziada lazima ifanywe na mtu fulani, mahali fulani, kwa vitendanishi vilivyonunuliwa kwa fedha ya mtu. Koti likiwekwa kiwandani, bei inapanda. Sampuli ikisafishwa kituoni, kazi ya maabara imerudi kupitia mlango wa nyuma, safari hii mikononi mwa mhudumu ambaye hana meza ya maabara. Hata hoja ya ukavu ina mpaka wake. Nyuzi za DNA zikikaushwa hustahimili joto, hilo ni kweli. Ila kitambuzi kina pia vimeng'enya vya kuikuza ishara, rangi zinazofifia na karatasi inayonyonya unyevu, na katika pwani ya Cabo Delgado, ambako mvua za Desemba hadi Aprili huijaza hewa maji, pakiti iliyofunguliwa asubuhi si pakiti ile ile ifikapo mchana.

3. Senti za uzi na dola za jibu

Hoja ya unafuu huhesabu bei ya nyuzi na kuiita bei ya kipimo. Historia ya vifaa vilivyokwisha kuvuka mlango wa maabara inaonesha umbali uliopo kati ya bei hizo mbili. Mwaka 1996 Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani walieleza namna ya kuzivika chembe ndogo za dhahabu nyuzi za DNA ili zishikane pale tu zinapokutana na uzi unaotafutwa, na kazi hiyo ikazaa kampuni ya Nanosphere na kifaa chake Verigene, kilichopata idhini ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 2007, yaani miaka 11 baadaye. Kilichotoka mwishoni mwa safari hiyo kilikuwa mashine ya mezani kwa ajili ya maabara za hospitali zenye umeme na wataalamu. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilinunuliwa na Luminex, nayo zahanati ya pwani ya Afrika haikuwa imeonja chochote.

Mfano wa karibu zaidi ni GeneXpert, mashine inayosoma vinasaba vya kifua kikuu na usugu wake kwa dawa ya rifampisini kwa muda usiozidi saa mbili. Shirika la Afya Duniani lilipoiunga mkono Desemba 2010, ilitarajiwa kwamba uchunguzi wa kifua kikuu ungesogea hadi alipo mgonjwa. Katriji moja iliwekewa bei ya dola 9.98 mwaka 2012 kwa nchi zinazostahili punguzo, na bei hiyo ikakaa pale pale hadi Septemba 2023 iliposhuka kufikia dola 7.97. Juu ya katriji kulikuwa na bei ya mashine yenyewe, urekebishaji wake wa kila mwaka, umeme usiokatika, na chumba ambacho joto lake halizidi nyuzi 30, mambo ambayo katika mji wa bahari ya joto uliotoka vitani kila moja ni mradi unaojitegemea. Hakuna sababu ya kuamini kwamba kitambuzi cha DNA kitasamehewa gharama za namna hii: kila toleo litahitaji kuhakikiwa ubora, kila nchi itahitaji kukisajili, kila mhudumu atahitaji mafunzo na marudio ya mafunzo, na kila jibu litahitaji kuandikwa mahali ambapo mtu mwingine ataliona. Uzi unaweza kugharimu senti chache, lakini hakuna mgonjwa anayetibiwa kwa uzi.

4. Kuona mengi na kujua machache

Unyeti mkubwa huchukuliwa kuwa jambo jema siku zote, na hapa ndipo rai hii inapopotosha zaidi. Msumbiji ni miongoni mwa nchi chache zinazobeba sehemu kubwa kabisa ya mzigo wa malaria duniani, na mahali penye maambukizi mengi watu wengi hubeba vimelea vichache damuni bila kuugua, kwa sababu miili yao imekwisha kuvizoea. Kifaa kinachogundua vimelea vichache zaidi kitawagundua watu hao pia, na mmoja wao akija na homa iliyoletwa na kitu kingine, kifaa kitasema malaria, mhudumu atampa dawa mseto ya malaria, na ugonjwa wake halisi utaendelea kumla. Wavuvi wa Mocímboa wanajua kwamba wavu wenye matundu madogo kupita kiasi huleta kila kilichomo majini, na kazi ya kuchambua samaki huanza upya ufukweni.

Hatari hii si ya kufikirika tu. Utafiti uliofanyika Moshi nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, asilimia 60.7 waliandikiwa kuwa na malaria, ilhali malaria ilikuwa chanzo halisi cha homa kwa asilimia 1.6 tu. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa watoto 1,005 wenye homa, jijini Dar es Salaam na mjini Ifakara, ulikuta malaria kwa takriban mmoja kati ya kila kumi. Upande wa kusini hali haina wepesi zaidi: virusi vya chikungunya vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Wamakonde kusini mwa Tanganyika, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na mwaka 2014 homa ya dengi ilizuka katika miji ya Pemba na Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Kinachomsumbua mhudumu ni kuchagua kati ya homa nyingi zinazofanana, na kifaa kinachoona homa moja kwa ukali usio na kifani hakimsaidii kuchagua.

Umahususi, yaani uwezo wa kipimo kutomtaja asiye mgonjwa, nao una hesabu isiyokwepeka. Na ichukuliwe kwamba watu 10,000 waliorejea mjini wanapimwa ugonjwa ulio kwa watu 10 kati yao, kwa kifaa kisichomkosa mgonjwa hata mmoja na kinachomsingizia asiye mgonjwa mara moja tu katika kila mia. Kifaa hicho kitawataja wagonjwa wote 10, na pamoja nao watu wapatao 100 wasio na ugonjwa huo. Njia pekee ya kuwatenganisha ni kuwapeleka mahali penye kipimo cha kuthibitisha, na mahali hapo ndipo ilipo maabara iliyosemekana kuwa imerukwa.

5. Kifaa kisichojua kinapokosea

Wenye rai hujibu kwamba DNA hupangika upya kwa urahisi, hivyo kosa likionekana herufi zitabadilishwa na mambo yatakaa sawa. Swali ni nani atakayeliona kosa. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini moja iitwayo HRP2, ambayo vimelea vya aina ya falciparum huimwaga damuni. Mwaka 2010 iliripotiwa kutoka Peru kwamba vimelea vingine vimepoteza jeni ya kuitengeneza protini hiyo, kwa hiyo vinapita mbele ya kipimo bila kuonekana. Baadaye hali hiyo ilidhihirika Eritrea kwa kiwango kilichoilazimisha nchi kubadilisha vipimo vyake, na ikaonekana pia Djibuti na Ethiopia. Kasoro hiyo haikugunduliwa na vipimo vya haraka vyenyewe. Iligunduliwa na watu waliokuwa na hadubini, mashine za kusoma vinasaba na kumbukumbu za kulinganisha, walioshangaa kuona mgonjwa mwenye vimelea kwenye kioo na jibu la hapana kwenye kipimo.

Kitambuzi cha DNA kinachoshika molekuli moja kiko katika hatari ile ile, na kinachoshika molekuli tatu kimeipunguza bila kuimaliza. Kubadilisha herufi kunaweza kuchukua juma moja, lakini kuhakiki, kusajili na kusambaza toleo jipya huchukua miaka, na mlolongo huo wote hauanzi mpaka maabara fulani ipige kengele. Hapa rai inajipinga yenyewe: kifaa kinachodai kuifanya maabara isihitajike kinaweza kuaminiwa pale tu ambapo kuna maabara ya kukisahihisha. Mji usio na maabara utatumia kifaa kilichokwisha kupofuka, na utakuwa wa mwisho kujua.

6. Mfano wa simu

Mfano wa simu ya mkononi unapendwa sana, na unafaa kutazamwa vizuri kwa sababu unathibitisha kinyume cha unachoitiwa. Simu iliziruka nyaya, lakini haikuiruka minara, umeme wa kuiendesha, walinzi wa kuilinda wala vocha za kuilipia. Mji jirani wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano yalikatika, na maelfu ya watu wenye simu mifukoni hawakuweza kumwita yeyote. Kifaa cha mkononi kina nguvu sawasawa na miundombinu iliyo nyuma yake, na miundombinu ya Mocímboa da Praia kila mtu anaifahamu: bandari iliyokaa mwaka mzima mikononi mwa waasi, barabara ya kutoka Pemba kupitia Macomia na Awasse ambayo wasafiri wameshambuliwa humo mara nyingi, na pwani iliyopigwa na kimbunga Kenneth tarehe 25 Aprili 2019. Septemba 2025 Madaktari Wasio na Mipaka walilazimika kusitisha kazi zao mjini humo kwa sababu ya mashambulizi. Kipimo kisichohitaji maabara bado kinahitaji meli, lori, ghala na mtu wa kukipokea.

Mgonjwa naye hakai mahali pamoja. Anayekutwa na kifua kikuu Mocímboa anahitaji dawa kwa miezi sita, na katika miezi hiyo anaweza kuwa amekimbilia Mueda, Pemba au Nampula, ambako jina lake halimo kwenye daftari lolote. Jaribio lililochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2014, lililofanyika Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Mbeya nchini Tanzania, lilionesha kwamba kuiweka GeneXpert kituoni kuliongeza idadi ya wagonjwa walioanza dawa siku ile ile, lakini hakukupunguza makali ya ugonjwa miezi sita baadaye, sababu mojawapo ikiwa kwamba wengi walikuwa wakianzishiwa dawa kwa dalili hata bila mashine hiyo. Ikiwa hali ilikuwa hivyo katika vituo vyenye amani na dawa, haraka ya jibu haiwezi kutegemewa kufanya miujiza mahali ambapo jibu halina pa kwenda.

7. Jibu sahihi linapokosa kuaminiwa

Wenye rai huongea kana kwamba jibu likishakuwa sahihi litatiiwa. Kaskazini mwa Msumbiji imeonesha mara kwa mara, kwa gharama ya maisha, kwamba sivyo. Mwanasosholojia Carlos Serra, aliyechunguza ghasia zilizowapata wahudumu wa afya na viongozi waliotuhumiwa kutia kipindupindu visimani, alionesha katika kitabu chake Cólera e catarse cha mwaka 2003 kwamba tuhuma hizo zilitokana na watu maskini kutoiamini dola inayowajia siku za maafa tu. Tarehe 7 Aprili 2024 mashua iliyosheheni watu kutoka Lunga kuelekea Kisiwa cha Msumbiji, katika jimbo jirani la Nampula, ilizama na kuua watu zaidi ya 90. Mamlaka zilisema wengi wao walikuwa wakikimbia kwa hofu iliyozushwa na uvumi kuhusu kipindupindu.

Katika maafa kama hayo hakuna aliyekufa kwa kukosa kitambuzi chenye unyeti. Kipindupindu hutibiwa kwa maji ya chumvichumvi na dripu tangu kuhara kunapoanza, bila kungoja jibu la maabara. Kinachohitajika ni mtu anayeaminika wa kusema kwa Kimwani, Kimakonde au Kimakua kwamba dawa inayotiwa kisimani inalinda. Kifaa kigeni, kinachochukua damu na kutoa jibu ambalo aliyekishika hawezi kulieleza, kinaingia katika uwanja huo kikiwa mshukiwa tangu siku ya kwanza.

Pingamizi lenye uzito

Lipo pingamizi moja linalostahili jibu kamili: kwamba kipimo cha haraka cha malaria kilipita njia hii na kikafaulu, kwa hiyo hakuna sababu ya kitambuzi cha DNA kushindwa. Kufaulu kwake ni kweli, na ndiyo maana kunapaswa kutazamwa kwa karibu. Mhudumu wa jamii, yule ambaye nchini Msumbiji anajulikana kwa kifupi cha Kireno cha APE, anakisafisha kidole kwa spiriti, anakichoma, anachota tone la takriban mikrolita tano za damu, anadondosha dawa ya kuiyeyusha, kisha anangoja dakika 15 au 20. Akisoma mapema mno au akichelewa sana, mstari unaweza kumdanganya. Kazi nzima haihitaji umeme, na inaonekana kana kwamba kijikaratasi ndicho kinachoifanya.

Lakini wahudumu hao walianza kuandaliwa mwaka 1978, na mpango wao ukafufuliwa mwaka 2010. Dawa mseto ilikuwamo kwenye begi lile lile lenye kipimo. Kuanzia mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliendesha mpango wa kuvijaribu vipimo vya kampuni mbalimbali na kutangaza vilivyoshindwa. Na wafadhili walilipa mwaka hadi mwaka, si mara moja kwa ajili ya picha. Kijikaratasi kilifaulu pale mlolongo ulipokuwa umejengwa, na kilikwama pale dawa ilipokwisha au mhudumu alipokimbia. Mfano huu hauiungi mkono rai ya kuruka. Ni ushahidi mzito kuliko wote dhidi yake, kwa sababu unaonesha kwamba hata kifaa rahisi kilidai watu, miaka na fedha ambazo tangazo la kifaa halikuzitaja.

Kinachopaswa kudaiwa

Rai potofu ina gharama hata kabla kifaa hakijafika. Fedha inayotengwa kwa ajili ya kuruka maabara haitengwi kwa ajili ya kuijenga. Kijana wa Cabo Delgado ambaye angesomeshwa kuwa mtaalamu wa maabara anaambiwa kwamba kazi hiyo inakaribia kufutwa na mashine. Na serikali inapata kisingizio cha kuuacha mji usubiri kitu ambacho tarehe yake ya kuwasili haijulikani. Mwenye kulipia kisingizio hicho ni mama ambaye wingi wa damu yake haukupimwa mwaka huu, ingawa kipimo chake kilikuwapo kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo yeyote atakayetaka kupeleka kitambuzi cha DNA Mocímboa da Praia anapaswa kutoa majibu ya maandishi kwa maswali manne kabla boksi la kwanza halijashushwa bandarini. Je, unyeti wake umepimwa kwa damu ya watu wanaoishi na malaria, katika joto na unyevu wa pwani, na mtu mwenye mafunzo sawa na ya APE? Jibu likitoka, dawa ipi iko kwenye ghala lipi, na mgonjwa akihama atafuatwa na daftari lipi? Ni maabara ipi, yenye wataalamu gani wanaolipwa na nani, itakayohakiki kwamba kifaa bado kinasema kweli mwaka wa tano? Na muda wa mradi ukiisha, ni kifungu kipi cha bajeti kitakachonunua boksi linalofuata? Mwenye majibu hayo atakuwa amekwisha kukubali kwamba maabara ya Mocímboa lazima ijengwe, iwe na watu wake na ilindwe, na kitambuzi chake kitapata mahali pa kufanyia kazi. Asiye nayo asipewe ruhusa ya kuwajaribia ahadi zake watu ambao wameshapoteza hospitali mara moja.